Saba ya Huku na Saba ya Kule

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Enhe, matokeo?"

"Yametoka. Nimepata saba."

"Saba! Alhamdulillahi! Hebu mpe mama yako simu nimpe hongera."

Upande wa pili, kimya. Mjomba yuko Mtwara mjini, mpwa yuko Olumbi, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kusini ya mji wa Palma, na kati yao unapita mto Ruvuma. Mazungumzo haya nimeyatunga, ila sikuhitaji kuyatia chumvi. Kwa mjomba aliyesoma Tanzania, saba ndicho kilele. Mtahiniwa wa kidato cha nne huhesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri kuliko mengine. A ina pointi 1, B ina 2, hivyo hivyo mpaka F yenye 5. Mwenye A saba ana pointi 7, na mtaani watasema kapata wani ya saba. Pointi zikipungua, sifa inapanda. Kwa mpwa mambo ni kinyume. Msumbiji hupima kwa valores, kuanzia 0 hadi 20, na mstari wa kufaulu umechorwa kwenye 10. Saba iko chini ya mstari. Kijana kafeli, na mjomba yuko tayari kuagiza kuku achinjwe.

Namba hiyo moja imeniongoza kuiandika historia hii. Ukiifuata saba pwani ya Palma tangu enzi za Mreno hadi leo, utaikuta ikiwa mwaka wa mwisho kabla ya chuo kikuu, kisha mwaka wa kwanza wa sekondari, kisha mwisho wa shule ya msingi, kisha tena mwanzo wa sekondari. Yote hayo ndani ya umri wa mzee mmoja ambaye bado anatia jarife lake majini.

Kabla ya saba, na kabla ya namba yoyote, palikuwa na chuo. Mtoto wa pwani alipelekwa kwa mwalimu akaanza na alifu na be, akapanda juzuu baada ya juzuu, na aliyemaliza alihitimu. Neno hili tunalolitumia leo kwa wanaovaa majoho limetoka huko huko, kwenye kuikhitimisha Kurani. Hapakuwa na darasa la ngapi. Swali lilikuwa umefika wapi. Na kuandika waliandika. Masheikh na watawala wa pwani ya kaskazini ya Msumbiji waliwapelekea maofisa wa Kireno barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na sehemu ya barua hizo imehifadhiwa hadi leo katika nyaraka za historia mjini Maputo. Usomi huo haukuingia katika daftari la serikali. Kwa Mreno, kujua kusoma maana yake ilikuwa kujua kusoma Kireno.

Bendera zenyewe zilichelewa kutulia. Mwaka 1886 Wareno na Wajerumani waligawana mpaka wa Ruvuma mezani. Februari 1887 mizinga ya Kireno ikaipiga ghuba ya Tungi, pale Palma, na kuinyang'anya kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash. Mwaka 1894 Wajerumani wakachukua Kionga, pembe ya nchi iliyo kusini ya mdomo wa mto, wakakaa nayo mpaka Wareno walipoirudisha 1916 katikati ya vita kuu. Katika vurumai hilo kila mkoloni alituachia neno lake la mahali pa kusomea. Tanzania Bara wanasema shule, neno la Kijerumani. Zanzibar wanasema skuli, la Kiingereza. Cabo Delgado utasikia shikola, lililotokana na escola la Wareno. Watu wa pwani moja, samaki wale wale, na mtoto akitoka nyumbani asubuhi unajua yuko koloni la nani kwa neno analotamka mama yake.

Neno lilifika kabla ya kitu chenyewe. Hadi 1929 Cabo Delgado yote ilikuwa mikononi mwa Kampuni ya Niassa, iliyopewa hati ya kutawala kama mtu anavyokodishwa shamba. Kampuni hiyo ilisifika kwa kodi ya nyumba na kazi za shuruti. Shule haikuwa katika hesabu zake.

Mfumo wenye majina ulianza kushika mwaka 1930, pale sheria ya elimu ya wale walioitwa indígenas, yaani wenyeji, ilipotenganisha njia mbili. Mtoto wa Mzungu na wa wachache waliokubaliwa aliingia ensino primário, elimu ya msingi kamili. Mtoto mweusi aliingia ensino rudimentar. Sijui tulitafsirije hili bila kulipaka rangi: ni elimu ya vijimwanzo, ya kumfikisha mtu mlangoni asiingie. Alifundishwa Kireno, kuhesabu kidogo na kazi za mikono, na ndipo, kama umri ulikuwa haujampita, akaruhusiwa kuanza darasa la kwanza la msingi la kweli. Mwaka 1940 Ureno ikafunga mkataba na Vatikani, na 1941 ukatoka waraka wa misheni ulioukabidhi ufundishaji huo wa wenyeji kwa Kanisa Katoliki. Kwenye uwanda wa Mueda misheni zilikuwapo. Huku pwani, kwa Waislamu, shule na ubatizo vilionekana vinaingia kwa mlango mmoja, na wazazi wengi walimshika mtoto mkono wakamrudisha chuoni. Mimi siwalaumu.

Katikati ya miaka ya 1950 rudimentar ikabadilishwa jina ikawa elimu ya adaptação, ya kuzoezwa. Mwaka 1964 likaja jina jingine, darasa la maandalizi. Ubao, mwalimu na umbali wa kutembea havikubadilika kwa kasi ya majina.

Aliyepenya mpaka mwisho wa elimu ya msingi alikuwa na quarta classe, darasa la nne. Ukiwauliza wazee wa Cabo Delgado, neno quarta lina uzito ambao namba nne peke yake haiwezi kuubeba. Lilikuwa kazi ya ukarani, ualimu wa misheni, unesi. Lilisaidia hata kubadili hadhi ya mtu mbele ya sheria, maana mwenyeji aliyetaka kuitwa assimilado alipaswa kuthibitisha kwamba anakijua Kireno na anaishi kama Mreno. Sensa ya 1950 haikufikisha assimilados 5,000 katika nchi ya watu wanaokaribia milioni sita. Hadhi hiyo ya wenyeji na wasio wenyeji ilifutwa 1961, baada ya kuwa imekwisha kuamua nani alisoma na nani hakusoma.

Juu ya quarta kulikuwa na liceu. Hapa ndipo saba yetu inapoingia kwa mara ya kwanza. Liceu ilikuwa ya miaka saba, iliyogawanywa katika mizunguko mitatu: miaka miwili, kisha mitatu, kisha miwili. Miaka haikuitwa madarasa, iliitwa ano, na hesabu ilianza upya baada ya msingi. Kwa hiyo mwenye quinto ano, mwaka wa tano, alikuwa amekaa shuleni miaka tisa kwa jumla, na mwenye sétimo ano, mwaka wa saba, alikuwa na kumi na moja na anabisha hodi chuo kikuu. Liceu kubwa ya koloni ilikuwa Lourenço Marques, Maputo ya leo, zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara kutoka Olumbi. Mtu wa Olumbi aliyetaka sétimo ano angekuwa karibu zaidi na Mombasa.

Wengine walifanya hivyo hasa, wakaenda kaskazini. Wamakonde na watu wa pwani walivuka Ruvuma kufuata mkonge wa Lindi na Tanga, na watoto wao wakajikuta katika mfumo wa Mwingereza wenye ngazi nyingine na majina mengine. Tarehe 25 Juni 1962 FRELIMO ikaundwa Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ikaanzishwa Taasisi ya Msumbiji, iliyokaa Kurasini na kuongozwa na Janet Mondlane, mkewe Eduardo Mondlane, rais wa chama. Kazi yake ilikuwa kuwafikisha sekondari vijana waliokimbia koloni. Fikiria darasa lile. Mmoja kaja na quarta ya misheni, mwingine kasoma Tanganyika na hajui Kireno vizuri, mwingine ana rudimentar tu na akili nyingi. Wapimwe kwa rula ipi? Na wafundishwe kwa lugha gani, wakati nchi iliyowapokea inasomesha sekondari kwa Kiingereza na nchi wanayotaka kuikomboa inaandika kwa Kireno?

Mvutano huo wa lugha ulichanganyika na mingine mizito zaidi: nani aende vitani na nani aende kusoma Ulaya na Marekani, na Wazungu waliokuwa walimu wakae au waondoke. Machi 1968 wanafunzi waligoma, padri Mateus Gwenjere akiwa upande wao, na shule ikafungwa. Sekondari ya FRELIMO ilifunguliwa tena Bagamoyo mwaka 1970. Hapo ndipo alipofundisha binti aliyeitwa Graça Simbine, ambaye dunia inamjua leo kwa jina la Graça Machel. Watoto wadogo walikuwa Tunduru. Nachingwea kulikuwa na kambi ya kijeshi.

Wakati huo huo Tanzania nayo ilikuwa inazigeuza namba zake. Mpaka miaka ya 1960 kulikuwa na darasa la nane, na mzee akikwambia "niliishia la nane" anasema jambo la kujivunia. Likafutwa, msingi ikawa miaka saba, na kuanzia hapo "darasa la saba" likawa jina la kundi zima la watu: wale ambao nafasi ya sekondari haikuwafikia. Msikilize Mtanzania akisema "yule ni la saba tu". Hiyo "tu" haimo katika waraka wowote wa wizara.

Juu ya la saba kuna vidato. Nalipenda neno hili kuliko yote katika mfumo wetu. Kidato ni pengo linalochongwa kwenye shina la mnazi ili mkwezi apate pa kukanyaga. Anakanyaga cha chini ndipo apate cha juu. Aliyelichagua kutafsiri ngazi za sekondari alikuwa ameona minazi. Darasa tumelitoa kwa Waarabu, mtihani vilevile, cheti kimetoka Bara Hindi. Kidato ni chetu.

Mitihani ya vidato kwanza ilisahihishwa kwa mamlaka ya Cambridge, kisha na baraza la pamoja la Afrika Mashariki, ambalo Tanzania ilijitoa 1971. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, liliundwa kwa sheria ya 1973. Kutoka hapo msamiati wa mjomba ukakaa sawa: divisheni ya kwanza hadi ya nne, na sifuri kwa aliyekosa zote. Hata hivyo usidhani rula ya Tanzania haipindi. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliwapa sifuri watahiniwa zaidi ya 240,000, kama sita katika kila kumi. Nchi ilitikisika, tume ikaundwa, matokeo yakafutwa na karatasi zile zile zikapangiwa alama upya. Waliofanya mtihani wa 2014 walipewa vyeti vya wastani wa alama, GPA, badala ya divisheni. Mwaka uliofuata divisheni ikarudishwa. Ukikutana na mwenye cheti cha mwaka ule, mpe nafasi ajieleze, atakuwa ameshazoea.

Turudi kusini. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na tarehe 24 Julai, kabla ya mwezi kwisha, rais Samora Machel akatangaza kutaifishwa kwa shule, pamoja na afya na ardhi. Liceu ilikufa na ano ikafa nayo. Sasa ilihesabiwa classe moja kwa moja toka ya kwanza hadi ya kumi na moja: nne za msingi, mbili za maandalizi, ya saba hadi ya tisa za sekondari, na mbili za mwisho za kuelekea chuo kikuu. Hesabu hii ilikuwa nyepesi kueleweka kuliko ile ya kwanza, ila ilizaa mkanganyiko wake. Ndugu wawili wa nyumba moja wangeweza kusema wote wana "saba". Mkubwa ana sétimo ano ya liceu, sawa na darasa la kumi na moja. Mdogo ana sétima classe, mwaka wa kwanza wa sekondari. Kati ya herufi o na herufi a kuna miaka minne ya shule.

Na juu kabisa pakatoboka. Wareno walikuwa wameondoka kwa makumi elfu, walimu na wahandisi na makarani, na inakadiriwa kuwa watu tisini na ushei katika kila mia hawakujua kusoma. Tarehe 8 Machi 1977 Samora akawaita wanafunzi wa ngazi za juu na kuwaambia nchi inawahitaji sasa hivi. Darasa la kumi na la kumi na moja yakafungwa kwa muda, na vijana wakagawiwa kazi: wengi ualimu, wengine jeshi, wengine ofisi na viwanda. Waliotaka udaktari wakafundisha jiografia. Wanaitwa Kizazi cha Machi 8 hadi leo, na kwao swali "uliishia darasa la ngapi" halina jibu la namba, maana hawakuishia, waliitwa. Mwaka huo huo wengine wadogo walianza kupelekwa Kuba, Isla de la Juventud, na mwaka 1982 watoto 900 hivi wakapelekwa Ujerumani Mashariki, katika shule moja ya bweni mjini Staßfurt. Waliporudi 1988 walikuta vita vya ndani, na ufundi waliosomea kwa Kijerumani ukawa wa kutafutiwa jina la Kireno.

Sheria namba 4 ya 1983, ya tarehe 23 Machi, ndiyo iliyoleta Mfumo wa Taifa wa Elimu na vifupisho vinavyowatatiza wageni mpaka sasa. EP1 ni msingi wa daraja la kwanza, darasa la 1 hadi la 5. EP2 ni daraja la pili, la 6 na la 7. ESG ni sekondari ya jumla: mzunguko wa kwanza 8 hadi 10, wa pili 11 na 12. Saba ikahama tena, ikawa mwisho wa msingi, na kwa mara ya kwanza mjomba wa Mtwara na mpwa wa Olumbi wakawa na "la saba" lenye maana moja pande zote mbili za mto. Mfumo ulianza na darasa la kwanza la 1983 na kupanda polepole, kwa hiyo kwa miaka kadhaa madarasa ya chini ya mfumo mpya na madarasa ya juu ya mfumo wa zamani yaliishi pamoja, kila mfumo na vitabu vyake.

Vifupisho vilikuwa na ukatili wao. Kijiji kingeweza kuwa na EP1 na kisiwe na EP2. Bango la shule lilimwambia mtoto, kwa herufi mbili na tarakimu moja, kwamba safari yake ya miguu inaishia la tano na baada ya hapo ahame kwao. Vita vya ndani, vilivyokwisha kwa mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992, vilizifanya shule shabaha. Sheria ya mwaka huo huo, namba 6, ilizitambua shule za watu binafsi lakini ngazi ikaziacha karibu zilivyokuwa, na hizo ndizo walizozizoea wazazi wengi wa leo.

Hebu tusogee ukutani, siku ya matokeo. Kwenye shule ya Msumbiji hubandikwa pauta, karatasi pana yenye mistari: namba ya mwanafunzi, jina, kisha vijisanduku vya kila somo. Alama ya chini ya 10 inaitwa negativa, na kwa desturi iliandikwa kwa wino mwekundu, hivyo aliye nyuma ya umati na hajaona jina lake bado anaweza kuona kama ukuta una damu nyingi. Wazazi husogea pale na kumtafuta mtoto wao kwa kidole. Kidole kinapita masomo yote, kinafika safu ya mwisho, na huko ndiko kuna neno lenyewe. Transita: anapanda darasa. Não transita: anabaki. Hayo ni ya madarasa ya kawaida. Kwenye darasa la mtihani maneno ni mengine. Admitido maana yake ameruhusiwa kuingia mtihani wa taifa. Wazazi wengi, nadhani, wameshasherehekea neno hili kabla ya wakati wake, maana linasikika kama mtoto kakubaliwa mahali, kumbe ndiyo kwanza anakaribishwa kwenye mtihani. Excluído: alama zake za mwaka ni ndogo mno, mtihani hataufanya. Dispensado ndilo linalowapotosha Watanzania. Linasikika kama kufukuzwa, na ni heshima ya juu kuliko zote: amefanya vizuri mwaka mzima, kwa miaka mingi kipimo kilikuwa wastani wa 14, na anasamehewa mtihani. Baada ya mtihani hubaki aprovado na reprovado, kufaulu na kufeli. Aliyefeli wanasema kachumba, kutoka chumbar la Wareno, ambalo asili yake ni risasi, ile ya kuzamishia nyavu. Mvuvi wa Olumbi hahitaji kuelezwa.

Cheti chenyewe, certificado de habilitações, hakina divisheni popote. Kina orodha ya masomo na alama iliyoandikwa mara mbili, kwa tarakimu na kwa maneno: 14, catorze valores. Ni ujanja wa zamani wa kuzuia mtu asigeuze 4 kuwa 14. Chini kuna saini ya mkurugenzi wa shule na muhuri wa kukandamiza usio na wino, ambao ukiupapasa kwa kidole gumba unausikia kabla hujauona. Mtu wa Tanzania anayetafuta "division" kwenye karatasi hiyo atatafuta mpaka jioni.

Karatasi hizo zilipata kuwa kitu cha kukimbia nacho. Tarehe 5 Oktoba 2017 wapiganaji waliushambulia mji wa Mocímboa da Praia, kusini ya Olumbi, na vita vikasambaa pwani yote. Tarehe 24 Machi 2021 waliingia Palma, jirani na mradi wa gesi wa Afungi. Watu walikimbilia Quitunda, Nangade, Mueda, wakapanda majahazi kwenda Pemba, na wengine wakauelekea Ruvuma kama babu zao walivyofanya vita vya ukombozi vilipoanza 1964. Mara hii mto haukuwa ule ule: shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilitangaza mwaka 2021 kwamba maelfu ya waliovuka kuingia Tanzania walirudishwa Msumbiji. Mwanafunzi aliyeacha cheti nyumbani aliacha miaka kumi ya maisha kwenye sanduku. Na shule ikichomwa, majalada yaliyomo huungua nayo, kwa hiyo hata nakala ya kuombea nakala huwa haipo. Hapo anabaki na neno lake mdomoni, "nilifika décima", na aliye mezani anabaki na uamuzi wa kumwamini au kutomwamini.

Kama kwamba hayo hayatoshi, saba imehama tena. Sheria namba 18 ya 2018, ya Desemba, imefupisha msingi wa Msumbiji kuwa madarasa sita na kuifanya sekondari ianze la saba hadi la kumi na mbili: mzunguko wa kwanza 7 hadi 9, wa pili 10 hadi 12. EP1 na EP2 zinaingia makumbusho. La kumi, lililokuwa mwisho wa mzunguko na cheti cha kuombea kazi, sasa ni mwanzo wa mzunguko. Wakenya nao, Januari 2023, walianza kuwapeleka watoto wao wa la saba katika sekondari ya awali. Na Tanzania, katika sera ya elimu iliyozinduliwa mwanzoni mwa 2025, imetangaza msingi wa miaka sita na elimu ya lazima ya miaka kumi. Hilo likikamilika, "darasa la saba" la Tanzania, pamoja na ile "tu" yake, litabaki kwenye vyeti vya watu wazima.

Kwa hiyo wewe uliye mezani, mkuu wa shule Mtwara au ofisa ajira Pemba, ukishikishwa cheti cha kutoka ng'ambo ya mto usianze na namba ya darasa. Shuka kwanza chini, soma tarehe. Kama ni kabla ya 1975, angalia ni ano au classe. Kama ni kati ya 1975 na miaka ya mwanzo ya mfumo wa 1983, jua kwamba kilele kilikuwa la kumi na moja, siyo la kumi na mbili. Usigeuze valores kuwa pointi kwa kichwa. 17 ya Msumbiji ni kijana hodari sana, na pointi 17 za Tanzania ndipo divisheni ya kwanza inapoishia. Na kijana akikwambia alikuwa dispensado, mpe kiti. Kwa upande wa Tanzania, ulinganisho wa vyeti vya sekondari vya nje hufanywa na NECTA. Cheti kipelekwe kikiwa na tafsiri yake.